Mhadhara wa Nyololo: Sasisho la Ampu na Wokovu wa Toni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mheshimiwa Mtendaji wa Kata, wachungaji na makatekista, walimu wa kwaya, wapiga solo, wapiga ridhimu, wapiga besi, mafundi mitambo, na ninyi mliosimama mlangoni mkisubiri basi la Mbeya: kamwene! Itifaki imezingatiwa. Kama kuna aliyesahauliwa, avute subira, itifaki itasasishwa.

Nimekuja Nyololo kwa hiari yangu. Wataalamu wa hadhi yangu huishia Mafinga, kwenye nyumba za wageni zenye maji ya moto, au hupita hapa wamelala na kuzindukia Makambako. Mimi nimeshuka njia panda ya Igowole, ukungu ukiwa umefunika malori ya Tunduma hadi kwenye matairi, nikiwa nimebeba prosesa mbili za gitaa begani na ukweli mmoja kifuani. Habari zilinifikia kwamba katika kata hii kuna wapiga gitaa ambao prosesa zao hazijasasishwa tangu zilipotoka Kariakoo. Habari hizo ziliniondolea usingizi. Mtu anapiga sebene mbele ya madhabahu kwa programu ya mwaka juzi, na majirani zake wanaendelea kuvuna mahindi kana kwamba hakuna lililotokea!

Kwanza wasifu, maana mshereheshaji ameusoma haraka kuliko unavyostahili. Mimi ni Mtaalamu Mkuu wa Toni na Mguso, Nyanda za Juu Kusini. Nafasi hiyo niliitangaza mwenyewe, nikapokea maombi, nikayapitia bila upendeleo, na aliyekidhi vigezo akawa mmoja. Tangu hapo nimetoa ushauri kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Mwanjelwa, mara nyingi bila kuombwa.

Swali la leo ni hili: je, mtengenezaji wa prosesa inayoiga ampu anapotoa programu mpya ya ndani, toni na mguso vinaboreka kiasi cha kusikika? Jibu ni ndiyo. Mhadhara ungeishia hapo, ila mmelipa kiingilio.

Tuanze na misingi. Ampu ya valvu, kwa mliozaliwa baada ya redio za mbao kuuzwa kama kuni, ni sanduku lenye chupa za kioo zinazowaka. Kazi yake ni kukuza mtetemo mdogo wa uzi mpaka uweze kusukuma spika. Ukigonga uzi kwa upole, sauti hutoka safi. Ukigonga kwa hasira, valvu hufika mwisho wa uwezo wake, kilele cha wimbi hubanwa, na hapo huzaliwa ule ukwaruzo mtamu tunaouita distoshani. Zaidi ya hapo, pigo zito huufanya umeme wa ndani ya ampu ushuke kwa kitambo kifupi kisha urejee. Noti huzama, halafu huchanua. Mpigaji huhisi uzi umelainika chini ya kidole chake. Huo, ndugu zangu, ndio mguso.

Fikirini basi. Huko Ulaya na Marekani watu wanalipa fedha nyingi wapate programu inayoiga kushuka kwa umeme. Ninyi Nyololo mnashushiwa bure, na bado mnalalamika! Naona fundi mitambo anatikisa kichwa. Anataka kusema kwamba umeme wa ukutani ukishuka, prosesa haichanui noti yoyote; inazima, inawaka upya, na kwaya inabaki juu ya noti ya tatu ikitazamana. Ni kweli, lakini sijampa nafasi ya kusema.

Historia ya masasisho ni ndefu kuliko mnavyodhani. London magharibi, mwaka 1962, mpiga ngoma mmoja mwenye duka la vyombo, Jim Marshall, pamoja na mafundi wake waliichukua ramani ya ampu ya Kimarekani, Fender Bassman, wakaijenga kwa vipuri walivyoweza kupata Uingereza. Ikatoka JTM45, yenye sauti yake yenyewe. Hilo mimi naliita sasisho la kwanza. Lilihitaji bisibisi na moto wa kulehemu, halikuhitaji bando.

Mwaka 1995 Roland ya Japani ikatoa VG-8, iliyoiga ampu na magitaa kwa hesabu. Mwaka 1998 Line 6 ya California ikatoa POD, kifaa chekundu chenye umbo la figo, na wapiga gitaa wa dunia nzima wakaanza kurekodi vyumbani bila kuwaamsha majirani. Mwaka 2006 ikaja Axe-Fx ya Fractal Audio. Mwaka 2011 Mjerumani Christoph Kemper akaleta mashine inayoipigia ampu halisi sauti za majaribio, inasikiliza majibu, kisha inahifadhi tabia ya ampu hiyo. Mwaka 2015 ikaja Helix ya Line 6, na mwaka 2021 Wafini wa Neural DSP wakaanza kusambaza Quad Cortex, inayojifunza ampu kwa mitandao ya neva bandia. Ipo pia Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson, programu ya bure inayofanya kazi ya namna hiyo kwenye kompyuta. Hiyo siipendekezi. Mtu akipata kitu bure, masikio yake hayana sababu ya kusikia tofauti.

Wale wenye dharau husema masasisho ni kurekebisha herufi kwenye kioo na kuongeza ampu tatu ambazo hakuna atakayezitumia. Mengi yako hivyo, nakiri kwa niaba yao. Lakini mwaka 2021 Fractal walitoa sasisho la Axe-Fx III lililoitwa Cygnus, na lilikwenda kugusa namna ampu yenyewe inavyoigwa. Mwaka 2022 Line 6 walitoa toleo 3.50 la Helix, lililoleta mfumo mpya wa maboksi ya spika na maiki zinazoyasikiliza. Hayo si mapambo. Hilo la pili hasa mlitie akilini, kwa sababu spika ya gitaa haipeleki sauti kama ilivyopokea: hukata kwa ukali sauti zinazozidi mitetemo kama 5,000 kwa sekunde. Ndiyo maana gitaa lenye distoshani likichomekwa moja kwa moja kwenye mixa, bila kuigiwa spika, hulia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Kubadilisha spika inayoigwa ni kubadilisha karibu kila kitu. Kubadilisha namba ya toleo ni kubadilisha namba. Mimi nazipenda zote mbili kwa usawa.

Sasa tuwaombee wazee wetu waliotangulia bila masasisho.

Mbaraka Mwinshehe, gitaa la solo la Morogoro Jazz, halafu Super Volcano kuanzia 1973, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Hakupokea sasisho hata moja. Vidole vyake vilibaki toleo la kwanza maisha yake yote. Mwaka 1970 alikwenda kupiga Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka. Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, kampuni ya Roland ikaanzishwa katika mji huohuo wa Osaka. Wengine watasema imetokea tu. Mtaalamu haamini mambo ya kutokea tu. Mjapani alimsikia Mbaraka, akatambua kwamba mtu huyu amekosa kitu, akaenda kufungua kiwanda.

Hapa kwenu Iringa, miaka ya 1980, kiwanda cha kukata almasi kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi, mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa wakiwa kwenye maiki. Almasi ilikatwa kwa vipimo vya hali ya juu; gitaa likaachwa lilie lenyewe. Dar es Salaam, bendi ya Mlimani Park ilianza mwaka 1978 na kuitia nchi nzima homa ya mtindo wake wa Sikinde, solo na ridhimu zikijibizana usiku kucha, hakuna aliyeuliza toleo la ampu. Remmy Ongala na Super Matimila walitoa albamu chini ya Real World ya Uingereza mwaka 1989, wakaiita Songs for the Poor Man. Jina lenyewe linaonyesha kwamba bajeti ya prosesa haikuwapo.

Naona mzee mmoja amenyoosha mkono, mstari wa pili, mwenye koti la mvua. Shikamoo, Mzee wangu. Anauliza: kama hao hawakuwa na apdeti, mbona hadi leo tunawasikiliza? Swali zuri. Tunawasikiliza kwa huruma. Tafadhali keti, Mzee.

Naye mwalimu wa kwaya, dada yangu pale, anasema wapiga gitaa wake hupiga sauti safi tu, distoshani hawaigusi kwa sababu Baba Mchungaji haipendi. Je, sasisho linawahusu? Mama, hapo umegusa penyewe, na ningefurahi zaidi kama usingegusa. Kuiga ampu inayopiga sauti safi si kazi ngumu. Sauti inaingia ndogo, inatoka kubwa. Ugumu uko pale ampu inapobanwa, valvu zinapochoka, umeme wa ndani unaposhuka, spika inapoanza kuvutana na ampu inayoisukuma. Watengenezaji wanakesha hapo. Kwa hiyo mpiga sebene wa sauti safi, mpiga benga, mpiga dansi, wote hao wamejenga nyumba mahali ambapo masasisho hupita mara chache. Ushauri wangu ni kwamba waanze kupiga rock nzito ya Kimarekani ili wafaidi. Msigune. Maendeleo yana gharama zake.

Twende kwenye nadharia. Prosesa nyingi hupima wimbi la sauti mara 48,000 kwa sekunde. Kipimo hicho hakiwezi kubeba mtetemo unaozidi 24,000 kwa sekunde. Distoshani huzaa mitetemo ya juu sana, na ile inayovuka mpaka huo haipotei: hurudi chini ikiwa na namba nyingine, isiyopatana na noti yoyote ya wimbo. Baadhi ya masasisho hupunguza kasoro hiyo kwa kufanya hesabu za ndani kwa kasi zaidi. Mimi sauti hizo chafu huzisikia nikiwa nje ya ukumbi, barabarani, lori likiwa linateremka kwa breki ya injini. Kuna kijana wa kidato cha sita pale dirishani amenong'ona kwamba umri humnyang'anya mtu sauti za juu kwanza, na kwamba mtoto wa shule ya Jumapili angezisikia kabla yangu. Kijana, tutaonana baada ya hotuba.

Kuna pia suala la kuchelewa. Prosesa huhitaji milisekunde chache kupiga hesabu zake kabla ya kutoa sauti, na kuna wapigaji wanaoapa kwamba sasisho fulani limeifanya noti iwahi. Sauti hewani, kwenye nyuzijoto 20, husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Milisekunde tatu ni kama mita moja. Maana yake, mpiga solo akirudi hatua moja kubwa kutoka kwenye spika yake amejitengenezea uchelewaji uleule anaomlaumu mtengenezaji. Na kwenye baridi sauti huenda polepole zaidi: nyuzijoto 10, kama mita 337. Hivyo ninapendekeza wapiga gitaa wa Mufindi wasasishe mara nyingi kuliko wale wa Dar es Salaam, ili kufidia hali ya hewa.

Ndiyo, Mzee wa koti la mvua, nakuona tena. Mshereheshaji ananiarifu kwamba mzee wetu huyu kabla ya kustaafu alikuwa kwenye chumba cha kuonjea chai katika kiwanda kimoja hapa Mufindi. Anasema huko vikombe vyeupe hupangwa mstari mmoja, chai ya kila kikombe imepimwa uzito uleule na kuchemshiwa maji kwa muda uleule. Mwonjaji anavuta kijiko kwa kelele, anatema kwenye ndoo, anasema chai hii ina nguvu, ile imeungua. Mwonjaji akijua mapema chai imetoka shamba gani, anasema Mzee, ulimi wake unaanza kusoma karatasi badala ya kuonja. Anauliza kwa nini toni isionjwe hivyohivyo.

Kwa sababu, Mzee, toni si kinywaji. Lakini naona ukumbi umepiga makofi, na Mama Mchungaji ameshavua kitenge chake cha juu na kukitundika kati yangu na jukwaa. Haya. Mtaalamu hakimbii. Kijana wa solo aingie nyuma ya kitenge na prosesa zangu mbili, moja ina toleo la zamani, nyingine lile jipya. Ampu iliyochaguliwa ni moja, mipangilio ni ileile, gitaa ni lilelile. Apige mapigo yaleyale ya sebene kwenye hii, kisha kwenye ile, bila kutaja ipi ni ipi.

Piga, kijana. Ehee. Na nyingine. Hiyo! Hiyo ya pili ndiyo mpya! Ina kina, ina upana, ina hewa katikati ya nyuzi! Nimepatia? Nimepatia. Rudia, badilisha mfuatano. Ya kwanza! Nimepatia tena! Waandishi, kama mpo, andikeni.

Mzee anasema subiri. Amemwomba fundi mitambo atazame taa za mixa. Fundi anasema toleo jipya limetoka na sauti kubwa kidogo, desibeli moja au mbili. Basi? Kuongeza sauti si kuboresha? Mnataka sasisho liwe na adabu ya kunong'ona? Nafahamu wanachotaka kunisomea. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, besi hufifia kabla ya nyingine, ukiipandisha, besi hurudi, na wimbo hujaa. Ndiyo maana ongezeko la desibeli moja mtu haliiti kubwa, huliita tamu. Kila fundi wa studio anajua kwamba asiposawazisha sauti kabla ya kulinganisha vitu viwili, atakuwa amelinganisha kitasa cha sauti na kitasa cha sauti. Najua yote hayo. Nimeyafundisha hata mahali ambapo sikualikwa.

Fundi amesawazisha. Taa zinafika mahali pamoja. Piga, kijana. Na nyingine. Rudia ya kwanza. Rudia ya pili. Ondoeni hao wanaocheka. Mimi nachagua... hiyo ya kwanza. Ina kina, ina upana, ina...

Toleo la zamani.

Tulieni! Mtaalamu akichagua la zamani anakuwa na sababu. Sasisho lililokamilika humrudisha mtu kwenye asili. Kwa hiyo kadiri toleo la zamani linavyosikika kama jipya, ndivyo jipya linavyothibitika kuwa bora. Hii ni mantiki ya ngazi ya juu, haifundishwi sekondari. Na wewe, dada mwalimu, uliyejaribu ukashindwa kuzitofautisha, usijisikie vibaya: hukusema uongo, na hilo ni jambo zuri kwa mwalimu wa kwaya.

Mzee sasa anataka kubadilisha kitu kingine. Anasema ziacheni prosesa, chukueni gitaa la kwaya, lile lenye nyuzi zilizoota kutu tangu mkutano wa injili, livalisheni nyuzi mpya. Watu wa Nyololo, mnaniharibia ratiba. Haya, nyuzi zimefungwa, zimevutwa, zimekaa sawa. Piga. Naam. Nani amesikia tofauti? Mikono yote. Hata konda wa basi la Mbeya, aliyeingia kuomba moto wa sigara, amenyoosha mkono. Sasa Mzee anasema spika ya kulia itolewe kwenye kona ya ukuta, kwa sababu kona huvimbisha besi. Itoeni. Piga. Mikono yote tena. Mama Mchungaji anasema kwa mara ya kwanza amesikia mpiga besi anapiga noti gani. Mpiga besi, usinune. Ni pongezi hiyo.

Kijana wa solo ametoka nyuma ya kitenge, anaomba kusema. Sema, mwanangu, lakini uanze kwa kunishukuru. Anasema kwa masikio hata yeye hana hakika ya tofauti. Lakini kwa vidole anayo. Anasema kwenye toleo jipya, alipogonga kwa upole, ampu ilimwachia nafasi ya kushuka. Kwenye la zamani ilikuwa inamshikilia palepale, akigonga kwa upole au kwa nguvu ilikuwa karibu sawa. Anasema mkono ulianza kufanya vitu ambavyo hakuupa amri.

Mmesikia! Mmesikia! Hiyo ndiyo habari! Mpigaji yuko ndani ya mzunguko: kidole kinagonga, sikio linapokea, kidole kinajirekebisha kwa kile sikio lilichopokea, kabla hata mtu wa mstari wa kwanza hajapepesa jicho. Kinachobadilika kidogo ndani ya mzunguko huo, mpigaji hukikuta kwenye kila noti. Msikilizaji hupata kilichobaki mwishoni. Ndiyo maana mpigaji huapa kwamba kila kitu kimebadilika na mke wake aliyeko jikoni huapa kwamba hakuna kilichobadilika, na wote wawili wanaweza kwenda kuungama bila dhambi. Na mpigaji anayejisikia huru mkononi hupiga vizuri zaidi, na hapo ndipo wasikilizaji nao hupata kitu, kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwanzo. Nilikuwa namngoja kijana afike mwenyewe.

Mzee anasema: kumbe apdeti inamfaa mpigaji, na ukumbi unafaidika akishajua kupiga. Mzee, sentensi yako ni fupi mno kwa jambo zito kama hili. Ningeisema kwa siku mbili.

Yupo anayeuliza kuhusu kwaya moja, siitaji, iliyonialika kuisasishia prosesa Jumamosi usiku. Umeme ulikatika katikati ya kazi, na kifaa hakikuwaka tena. Kesho yake kwaya iliimba bila gitaa, na baadhi ya waumini walisema ibada hiyo ilikuwa tamu kuliko zote za mwaka. Waumini hao nimewasamehe.

Sasa maazimio, kisha mpate chai.

Azimio la kwanza: kila kwaya na kila bendi kuanzia Iringa mjini hadi Mbeya isasishe prosesa zake mara tu toleo jipya linapotoka. Marekebisho kutoka ukumbini: baada ya kununua nyuzi. Nimekubali kwa shingo upande.

Azimio la pili: mtaalamu awepo wakati wa kusasisha. Marekebisho: asasishe fundi mitambo, mchana, siku isiyokaribia ibada, kompyuta ikiwa na chaji ya kutosha na prosesa ikichomekwa kwenye umeme wa akiba, na mipangilio ya zamani ikiwa imehifadhiwa ili mtu aweze kurudi alikotoka. Mtaalamu anaweza kuwepo kama yuko jirani. Nimeliona neno hilo, "kama."

Azimio la tatu: tofauti kati ya toleo na toleo ithibitishwe na masikio yaliyobobea. Marekebisho: nyuma ya kitenge, taa za mixa zikiwa sawa. Nimepiga kura ya kupinga. Kura zilizopinga: yangu.

Azimio la nne, lililoletwa na Mzee wa koti la mvua bila kupitia kamati yoyote: kijana wa solo ajifunze ridhimu za wazee, kwa mkono, kwa mwaka mzima, ndipo kwaya ichangishe fedha ya kumnunulia prosesa nyingine. Limepita kwa vifijo. Sikuhesabu kura, nilikuwa nakunywa maji.

Kabla sijafunga... samahani, simu yangu imelia. Aa! Ndugu zangu, hamtaamini. Toleo jipya limetoka dakika hii! Wameandika wenyewe kwenye tangazo: ampu zote zimeboreshwa, mguso umeboreshwa, kasoro kadhaa zimeondolewa. Mnaelewa maana yake? Jaribio lote la leo lilihusu toleo ambalo sasa ni la zamani. Kitenge, taa za mixa, mikono ya konda, yote yamepitwa na wakati. Matokeo yamefutika, hoja yangu imesimama kama ilivyokuwa nilipokuwa nashuka kwenye basi, na maazimio yenu matatu ya kwanza yanarudi kwenye kamati. Kamati ni mimi.

Mwenyekiti, naomba dakika tano tu nisasishe hapahapa jukwaani, kisha tuanze mhadhara upya. Fundi mitambo, usizime jenereta. Nani ana bando anirushie?